Kukosa Mtoto: Jambo la Wawili



Sura Ash-Shura inatufundisha kwamba mtoto, awe wa kike au wa kiume, ni kipawa cha Mwenyezi Mungu, na kwamba wapo watu wasiojaliwa kupata. Tazama vema: hapo hakutajwa mwanamke peke yake. Lakini katika nyumba nyingi, miaka miwili ikipita bila mimba, lawama zote humwangukia mke. Huitwa tasa, mawifi humsema, na mume hushauriwa aoe mwingine, hali yeye mwenyewe hajapimwa hata mara moja. Huko ni kuhukumu bila ushahidi, nako ni dhuluma.

Elimu ya utabibu yasemaje?

Mume na mke huhesabiwa kuwa na shida ya uzazi wakiwa wamekutana kwa kawaida miezi 12 pasipo kinga na mimba isipatikane. Mke aliyetimiza miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba yapata mtu mmoja katika kila 6 hupatwa na jambo hili wakati fulani maishani. Na katika karibu nusu ya ndoa hizo, upande wa mume una sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na wa mke.

Kwa mke, sababu zijulikanazo sana ni mayai kutopevuka na mirija ya uzazi kuziba. Mirija mara nyingi huzibwa na makovu ya kisonono au klamidia isiyotibiwa, au ya maambukizo yaliyofuata kuzaa au kuharibika kwa mimba. Kwa mume, mbegu huwa chache, dhaifu, au hazipo kabisa. Pengine ni kwa sababu ya mishipa ya korodani iliyovimba, au matubwitubwi yaliyompata baada ya kubalehe, au maradhi ya zinaa. Nayo tumbaku hudhoofisha mbegu. Mtu aweza kuwa na nguvu zote za kiume na manii yake yasiwe na mbegu. Basi nguvu si ushahidi, wala mtoto aliyezaliwa zamani si ushahidi.

Tiba ianzie wapi?

Ianze kwa wote wawili siku moja. Kipimo cha manii ni chepesi, hakina maumivu, nacho hufanywa baada ya mume kujizuia siku 2 hadi 7. Si haki mke apasuliwe kabla mumewe hajatoa kipimo hicho.

Mke ambaye mayai yake hayapevuki hupewa vidonge kama letrozoli au klomifeni kwa uangalizi wa daktari. Maradhi ya zinaa hutibiwa kwa wote wawili pamoja. Mirija iliyoziba pengine huweza kufunguliwa kwa upasuaji. Hayo yakishindikana, yai na mbegu huunganishwa nje ya mwili, kisha mimba changa huwekwa katika tumbo la uzazi. Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Baadaye ikapatikana njia ya kudunga mbegu moja ndani ya yai, ikawapa tumaini hata waume wenye mbegu chache mno. Lakini gharama ni kubwa, na majaribio mengi hayafaulu. Ulizeni yote kabla ya kuuza shamba.

Sheria nayo yasemaje? Mwaka 1980 Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haq, alitoa fatwa kwamba njia hii yaruhusiwa maadamu yai ni la mke na mbegu ni ya mumewe. Kumwingiza mtu wa tatu ni kuvuruga nasaba.

Je, kutafuta tiba ni upungufu wa imani? Hasha! Mtume s.a.w. aliwahimiza masahaba wake wajitibu. Nabii Zakaria a.s. aliomba mtoto uzeeni, na Sura Al-Anbiya yaeleza kwamba dua yake ilipokubaliwa, mkewe alitengenezwa. Wafasiri wengi wamefahamu kuwa aliponywa utasa. Hivyo dua na uponyaji wa mwili havipingani.

Basi, ewe mume, kabla hujatamka neno la talaka au la ndoa ya pili, nenda ukapimwe. Na ikiwa baada ya juhudi zote mtoto hakupatikana, mkumbuke Bibi Aisha r.a., ambaye hakuzaa, na umma mzima ukamwita Mama wa Waaminio.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu uadilifu na rehema. Amin.