Krismasi ya Majani Mabichi

Desemba imeingia na swali ninaloulizwa ni lile lile: dada, nyumba ni ya kupanga, mshahara haujaongezeka, watoto wameona mti wa plastiki wenye taa kwa jirani na wao wanautaka, nifanyeje? Jibu langu ni moja na ninalisimamia. Usikope kwa ajili ya mti wa plastiki. Hela hiyo ni ya mchele, ya nyama, na ya nauli ya kwenda kuwasalimia wazee. Mapambo yameota nje ya mlango wako, na mvua za vuli zimeshayaosha yakang'aa.

Kinachowaangusha wengi ni haraka. Mtu anakata majani Jumapili ya kwanza ya Majilio, ikifika tarehe 20 yamekuwa kuni. Joto la hapa Mwanza halilisamehe tawi lililokatwa. Kata tarehe 22, au 23 ukibanwa na kazi, tena alfajiri au jioni jua likizama. Saa saba mchana usiguse mti. Ukifika nyumbani, kata tena ncha ya shina kwa mshazari, pukuta majani ya chini, kisha simamisha matawi kwenye ndoo ya maji na uyalaze kivulini usiku kucha. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Anayeiruka asije akalaumu majani.

Kwenye majani, mimi naanza na mwembe. Jani lake ni nene, gumu, kijani chake kimekolea. Familia za Kihindu hapa mjini huyatunga kwenye uzi na kuyatundika juu ya mlango wakati wa Diwali, na mlango wenye majani hayo unapendeza kweli. Chukua yaliyokomaa, yaache yale machanga mekundu maana hunyauka hata hujamaliza kutunga. Yafute vumbi kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya kupikia. Chukua shazia na uzi wa gunia, toboa karibu na kikonyo, jani moja baada ya jingine, yote yakining'inia upande mmoja. Katikati funga vipande vyekundu vya kitenge. Fundi cherehani huvifagia kila jioni, muombe akuwekee.

Krotoni za uani, zile zenye majani ya njano na mekundu, nazo zinavumilia. Na kuna sale. Hili nalipenda kuliko yote kwa sababu linakaa ndani ya chupa ya maji wiki nyingi, na baadaye linatoa mizizi. Ila omba kabla ya kukata, hasa kwa jirani Mchaga: kwao sale ni jani la kuombea msamaha na kuweka mipaka, halikatwi ovyo.

Shada la mlangoni lisikutishe. Nenda soko la Mlango Mmoja kwa wauza mitumba, uliza hanga ya waya iliyopinda wasiyoihitaji tena. Ivute mpaka iwe duara, ile ndoano ya juu iache, ndiyo ya kutundikia. Sasa kusanya vijiti vitatu au vinne vyenye majani, vyenye urefu wa shibiri moja, uvifunge kwa pamoja. Kilaze kifungu hicho juu ya waya na ukizungushie uzi mara tatu, ukaze. Kifungu cha pili kifunike mashina ya cha kwanza, cha tatu kifunike ya cha pili, hivyo hivyo mpaka uzunguke. Usikate uzi katikati ya kazi, wala usigeuze upande. Msaipresi unafaa hapa, na mvinje pia. Shada hilo hilo ukililaza mezani na kusimamisha mishumaa minne linakuwa kama lile la Majilio. Utaratibu wa kuwasha mishumaa kwenye duara ulianzishwa na mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, mjini Hamburg mwaka 1839, kwa ajili ya watoto maskini aliowalea. Mishumaa isimame ndani ya glasi yenye mchanga, na usiiwashe majani yakishakauka. Msaipresi mkavu unashika moto mara moja.

Anayetaka mti wa kusimama aende parokiani au shuleni wanapopogoa, aombe tawi moja. Misonobari ya Rubya kule Ukerewe na ya Buhindi ni mashamba ya Serikali, haikatwi kwa kupita njia. Tawi lako lisimamishe kwenye ndoo, jaza kokoto mpaka juu (Mwanza hatujawahi kukosa mawe), mimina maji kila siku. Kokoto zikijaa vizuri, hata mbu hapati pa kutagia.

Najua macho yenu yataenda ziwani. Vichwa vya mafunjo ni vizuri, sikatai. Lakini nawasihi, mtoto asitumwe kuyakata. Maji ya ukingoni yana konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama tu majini. Mamba na kiboko nao hujificha humo. Tena mafunjo ndiyo yanayochuja tope na uchafu wa mjini kabla haujaingia ziwani, na samaki wadogo hukulia humo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaulinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni. Ukitaka vichwa vitatu vya mezani, nunua kwa wanaokata kwa ajili ya mikeka. Gugu maji liache kabisa. Ua lake la zambarau linavutia, lakini halimalizi siku, na kipande kinachotupwa mtaroni kinaweza kwenda kuota bwawa jingine.

Mnyaa wa uzio nao usiuguse. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya, mtu anaweza kukaa siku kadhaa haoni. Utomvu ukimpata mtoto, osha jicho kwa maji mengi safi na mkimbizeni kituo cha afya.

Ua la mkrismasi nimeliweka mwisho kwa makusudi. Mti huu asili yake ni Madagaska, na msimu huu unawaka mwekundu kwenye barabara zetu. Usipande kuukata. Asubuhi ya tarehe 25 watume watoto waokote maua yaliyoanguka usiku, yaelee kwenye bakuli la maji katikati ya meza. Yatadumu mpaka chakula cha mchana, na yanatosha. Waokote pia yale maganda marefu makavu. Yapakeni chokaa, yatundikeni, na mwakani yatakuwepo.

Sikukuu zikipita, toa waya na nyuzi zote kabla hujawatupia mbuzi majani ya mwembe. Mbuzi akimeza waya ni hasara kubwa kuliko mti wa plastiki. Krotoni na matawi makavu yapeleke kwenye shimo la mboji. Sale ziache kwenye chupa, badilisha maji kila siku mbili, na mvua za masika zikianza Machi zipande kando ya mlango.