Kuondoa Kutu katika Zana za Chuma bila Kuharibu Uso Wake

Masika yanapokwisha, wananchi wengi hufungua masanduku yao ya zana na kukuta spana, patasi na misumeno imeshika kutu. Wakazi wa mwambao, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Kilwa na Mtwara, huipata adha hii hata wakati wa kiangazi, kwa kuwa upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi huharakisha kazi ambayo maji na hewa vingeifanya polepole. Zana njema hununuliwa kwa fedha nyingi. Hata hivyo, mara nyingi kinachoimaliza si kutu yenyewe, bali ni dawa na nguvu zinazotumika kuiondoa.

Kwa sababu hiyo, kabla hujagusa msasa wala siki, tunakuomba ndugu mtumiaji ujiulize swali moja: uso wa zana hii umefunikwa na nini?

Spana nyingi zina kromi, nazo hung'aa kama kioo. Kromi hiyo ni tabaka jembamba mno, ambalo kwa kawaida hukaa juu ya tabaka jingine la nikeli. Ndoo, bolti na minyororo mingi hufunikwa kwa zinki, yenye rangi ya kijivu iliyofifia au ya manjano kidogo. Zana nyeusi, kama vile baadhi ya koleo, hutiwa weusi kwa kemikali. Weusi huo si rangi iliyopakwa, bali ni aina ya oksidi ya chuma. Hapa ndipo wengi hukosea, maana asidi haitofautishi oksidi nyeusi na kutu, bali huziondoa zote mbili. Zinki nayo huyeyuka katika siki kabla kutu haijaisha. Patasi, ulimi wa randa na panga kwa kawaida ni chuma kitupu, na hizo ndizo zinazovumilia siki. Ukiwa na shaka, dondosha tone moja la siki mahali pasipoonekana, ungoje robo saa. Weusi ukififia, au vipovu vikitokea upesi, usiitumbukize zana hiyo.

Njia ya upole itangulie daima. Osha zana kwa sabuni, ikaushe, kisha uipake mafuta ya cherehani au mafuta ya taa, mbali na moto, uiache usiku kucha. Asubuhi isugue kwa stiliwuli laini kabisa, ile yenye alama ya 0000, ikiwa imelowa mafuta. Fuata mwelekeo wa mistari iliyoachwa na kiwanda. Ukizungusha mkono utaacha mikwaruzo ambayo haitafutika. Kwa zana ya kromi, chukua karatasi ya alumini ya kufungia chakula, uikunje iwe donge, uichovye majini na kusugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromi, hivyo huondoa kutu bila kuichora. Lakini tuseme wazi: mahali ambapo kromi imekwisha kubanduka, hapana dawa ya nyumbani itakayoirudisha. Safisha hapo, paka mafuta, uendelee kuitumia.

Siki ni kwa chuma kitupu tu. Siki nyeupe ya dukani, yenye asidi ya kiasi cha asilimia 5, inatosha bila kuongezwa kitu. Ondoa mpini wa mbao kwanza ikiwa unatoka. Zana izame yote, kwani ikizama nusu itabaki na mstari penye kikomo cha siki. Itazame kila baada ya nusu saa na kuipiga mswaki mkuukuu. Saa chache hutosha kwa kutu ya kawaida. Usipitishe usiku mmoja, kwa sababu kutu ikiisha asidi huanza kula chuma chenyewe, makali hupotea na uso hugeuka kijivu. Maji ya ndimu na ya ukwaju, uliotumiwa tangu zamani kung'arishia shaba, hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo.

Sehemu ambayo watu huipuuza ni ile inayofuata. Ukiitoa zana sikini, isuuze, uichovye katika maji yenye magadi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, ili asidi iliyobaki iuawe. Isuuze tena, uikaushe papo hapo kwa kitambaa na kisha juani, na uipake mafuta ingali na joto la jua. Chuma kilichotoka sikini kikiachwa na unyevu huweza kushika kutu mpya kabla saa moja haijapita. Usitumie mafuta ya kupikia. Ya alizeti, kwa mfano, huganda na kunata.

Brashi ya waya inayozungushwa na mashine tunaikataza kwa zana zenye makali. Joto lake likikifanya chuma kigeuke buluu, ugumu wake umepungua, na patasi hiyo haitashika makali kama zamani.

Maji ya betri na asidi ya kusafishia vyoo usivitumie kabisa. Huunguza ngozi na macho, huweza kukifanya chuma kigumu, kama springi, kivunjike ghafla, na mvuke wa asidi ya vyoo iliyohifadhiwa karibu na sanduku hutia kutu hata zana ambazo hukuzigusa. Wala usichanganye asidi yoyote, hata siki, na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini: hutoka gesi inayodhuru mapafu.

Ukinunua dawa ya kutu dukani, soma kibandiko. Kisipotaja kilichomo, aina ya chuma kinachofaa na tahadhari za matumizi, iache rafuni. Ukinunua spana iliyokwisha kutumika, itazame ndani ya mdomo wake, mahali ambapo brashi haifiki vizuri. Wauzaji wengine hupaka rangi ya fedha juu ya kutu, na hapo ndipo itakapojitokeza. Dai risiti, na iandikwe kama kifaa ni kipya au kimekwisha kutumika.