SOMO LA MWEZI: MTOTO AKAE NA NANI?

Soma: 1 Wafalme 3:16-28



Wanawake wawili walimwendea Mfalme Sulemani wakigombea mtoto mmoja. Mama wa kweli alijulikana kwa jambo hili: aliona heri ampoteze mtoto kuliko mtoto apoteze uhai. Naye mfalme akamrudishia mtoto wake. Tuyashike yote mawili. Wako wanaochukua nusu tu ya habari hii na kumwambia mama aliyekimbia kipigo, "Mwachie baba watoto, amani iwepo." Sulemani hakuamua hivyo.

Sheria yasemaje?

Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Wazazi wakiachana, mahakama hutazama kwanza ustawi wa mtoto. Aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni vema akae na mama, isipokuwa ikithibitika vinginevyo. Mtoto awezaye kutoa maoni yake mwenyewe husikilizwa. Mila nazo huangaliwa, lakini hazitangulii ustawi wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yashika msingi huo huo. Tena baba ana wajibu wa kuwatunza watoto hata wakikaa kwa mama.

Palipo na kipigo

Wengi hudhani kutengana kumemaliza hatari. Sivyo. Mara nyingi mpigaji huzidi ukali anapoachwa, na saa ya kumchukua mtoto huwa ndiyo nafasi yake ya kumpata mama. Na mtoto aliyeona mama akipigwa ameumia, hata kama yeye hakuguswa. Kwa hiyo:

1. Aliyepigwa asilazimishwe kukutana peke yake na aliyempiga.
2. Mtoto akabidhiwe kupitia mtu anayeaminiwa, au mbele ya Afisa Ustawi wa Jamii. Siku na saa ziandikwe. Ikiwa mtoto mwenyewe yumo hatarini, mahakama iombwe kuamua kama aonane na mzazi huyo, na kwa namna gani.
3. Mtoto asifanywe tarishi wa kubeba maneno, wala fedha za matunzo zisiwe bei ya kumwona.
4. Pakiwa na kipigo au vitisho, tusikimbilie kusuluhisha sebuleni. Tumsindikize aliyeumizwa hadi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Akipigwa baba, mambo ni yayo hayo.

Mpigaji aweza kutubu, nasi tumwombee. Lakini toba huonekana kwa matendo, tena kwa muda. Aliyetubu kweli hachukii masharti ya kumlinda mtoto wake, huyataka.

Maswali ya kujadili

1. Mama akibisha hodi kwa mzee wa kanisa usiku pamoja na watoto, neno letu la kwanza kwake huwa lipi?
2. Katika mtaa wetu, ni nyumba ipi ambamo watoto waweza kukabidhiwa kwa usalama?