Mita Mia Nane na Mwili wa Mwanamke

Siku ya mashindano ya riadha inapowadia katika shule zetu, aghalabu husikika mwalimu mwenye nia njema akisema kuwa mbio ndefu waachiwe wavulana, kwani wasichana watazimia. Wazo hilo halikuzaliwa katika viwanja vyetu. Lina historia yake, na yafaa tulichunguze kwa njia ya sayansi, yaani kwa kupima.

Tarehe 2 Agosti 1928, mjini Amsterdam, wanawake walishindana kwa mara ya kwanza katika fainali ya mita 800 ya Michezo ya Olimpiki. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, akifuatwa na Kinue Hitomi wa Japani. Baada ya kufika, baadhi yao walijilaza chini kwa uchovu. Magazeti yakaandika kwamba wanawake walianguka ovyo, na kwamba wengine hata hawakumaliza. Ukweli ni kwamba wote tisa walimaliza. Hata hivyo mbio hizo zilifutwa, zisirudishwe hadi Michezo ya Rome ya mwaka 1960. Roger Bannister alipokimbia maili moja chini ya dakika 4 mjini Oxford mwaka 1954, aliishiwa nguvu hata ikabidi watu wamshike asianguke. Wala hakuna aliyeshauri kuwa wanaume wakatazwe maili.

Nyuma ya katazo hilo palikuwa na nadharia ya kale ya baadhi ya matabibu wa Ulaya na Marekani. Walidai kuwa nguvu za mwili ni kama maji ya mtungi: msichana akizimwaga uwanjani, hazitabaki za kuzalia. Lakini mwili si mtungi. Moyo na misuli huimarika kwa kutumiwa, mradi mwili upate chakula na mapumziko. (Ajabu ni kwamba msichana aliyepanda kilima na ndoo ya lita 20 kichwani, ambayo ni uzito wa kilo 20, hakuonewa huruma hiyo.)

Sasa na tupime. Mwaka 1928 mwanamume aliyeshinda mita 800, Douglas Lowe wa Uingereza, alitumia sekunde 111.8. Radke alitumia sekunde 136.8. Tofauti ni sekunde 25. Tukigawa kwa 111.8 tunapata asilimia 22. Huko Rome mwaka 1960, Peter Snell wa New Zealand alitumia sekunde 106.3, naye Lyudmila Shevtsova wa Urusi ya Kisovieti sekunde 124.3: tofauti ni asilimia 17. Beijing, mwaka 2008, washindi wote wawili walitoka Kenya: Wilfred Bungei kwa sekunde 104.65, na Pamela Jelimo kwa sekunde 114.87. Mwanafunzi na akokotoe mwenyewe. Atapata asilimia 10 hivi.

Fainali huwa na hila zake, na mshindi hakimbii kwa saa peke yake. Kwa hiyo tutazame pia muda bora: David Rudisha, sekunde 100.91 mwaka 2012, na Jarmila Kratochvílová, sekunde 113.28 mwaka 1983. Tofauti ni asilimia 12. Maumbile ya binadamu hayabadiliki katika miaka 80. Basi sehemu kubwa ya ile asilimia 22 haikutokana na maumbile, bali na kunyimwa mazoezi, walimu na mashindano.

Na hiyo asilimia 12 iliyobaki? Hapa hatuna budi kusema kweli: sehemu yake kubwa ni maumbile. Kabla ya kubalehe, wavulana na wasichana hukaribiana sana katika mbio. Baadaye homoni iitwayo testosteroni huwaongezea wavulana misuli, ukubwa wa moyo, na himoglobini, yaani ile dutu nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Kwa hiyo damu ya mwanamke hubeba oksijeni pungufu kidogo katika kila lita. Jambo hili humfanya awe na kasi ndogo zaidi kuliko mwanamume aliyefanya mazoezi sawa naye, halimfanyi azimie.

Hatari iliyopo kweli ni nyingine, nayo haitazamwi vya kutosha. Himoglobini hujengwa kwa madini ya chuma, na msichana hupoteza madini hayo kila mwezi katika hedhi. Mkimbiaji aliyekuwa hodari, kisha akaanza kuhema mapema na kuchoka bila sababu, asiitwe mvivu. Apelekwe kupimwa damu. Maini, dagaa, maharage na mboga za majani huleta chuma, na chungwa au ndimu pamoja na chakula husaidia kufyonzwa kwake. Chai inywewayo pamoja na mlo huzuia. Tena, msichana afanyaye mazoezi makali akakosa hedhi kwa miezi kadhaa, yamkini hali chakula cha kutosha, na mifupa yake imo hatarini. Ashauriane na mganga upesi.

Darasa laweza kufanya jaribio. Kila mwanafunzi ahesabu mapigo ya mshipa wa kifundo cha mkono kwa sekunde 15, kisha azidishe kwa 4. Apande na kushuka ngazi moja kwa dakika 3, halafu ahesabu tena mara amalizapo, baada ya dakika 1, na baada ya dakika 2. Mwenye homa, ugonjwa wa moyo au siko seli aandike hesabu za wenzake. Chora grafu bila majina, ukitofautisha wanaokimbia au kutembea mwendo mrefu kila siku na wasiofanya hivyo; kisha ichore upya, ukitofautisha wavulana na wasichana. Linganisha ni grafu ipi inayotenganisha zaidi mapigo yanayotulia upesi na yale yanayochelewa.