Fuata Uzito Mpaka Ardhini

Tela lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe, Kisaki Stesheni, si mbali na reli ya TAZARA, na rangi yake ya kijani ilikuwa bado inanata kidoleni. Kwa miaka mingi lilivutwa na gari la safari, likibeba mahema, magodoro na madumu ya maji ya wageni waliokuwa wakiingia Selous, pori ambalo sehemu yake kubwa ya kaskazini ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019. Sasa mwenyewe alikuwa analiuza. Mjomba wangu, mkulima wa ufuta na mpunga, alitaka kulifunga nyuma ya pikapu yake apeleke mazao Morogoro mjini. Akaniita mimi kwa sababu nafundisha fizikia.

"Mjomba, njoo uliangalie tu," aliniambia kwenye simu. "Tela halina injini, kwa hiyo halina cha kuharibika."

Kauli hiyo nimeisikia kwa watu wengi, na ndiyo iliyonifanya niandike haya. Gari lenye injini mbovu litakuambia lenyewe: litatoa moshi, litagoma kuwaka. Tela bovu hukaa kimya mpaka siku ya mzigo, na siku hiyo liko nyuma yako, kwenye mteremko, na nyuma yake kuna watu.

Nilimwomba mjomba tufanye jambo moja tu, kufuata uzito. Gunia la ufuta likiwekwa kwenye tela haliachi kuvutwa na dunia. Sakafu inalizuia lisianguke, lakini sakafu nayo lazima izuiwe na vyuma vya chasisi, chasisi izuiwe na springi, springi na ekseli, ekseli na beringi, kisha ringi, tairi, na mwisho ardhi. Karibu kila kilo inapita njia hiyo, haina njia ya mkato. Kwa hiyo mnunuzi anaitembea njia hiyo kwa macho na mikono, na kila inapokuwa nyembamba anapiga magoti.

Sakafu ilikuwa ya mbao. Tulizichokonoa kwa ncha ya kisu kwenye pembe na pale zinapolalia chuma, maana maji hukaa hapo na mbao huoza kuanzia chini. Mbao mbili zilimeza kisu. Hilo si tatizo kubwa, mbao zinanunulika.

Chasisi ndiyo ilinichukulia muda. Chukua rula ya plastiki, uishike ncha zote mbili, uikandamize katikati ikiwa imelala: inapinda. Isimamishe kwa ukingo: haipindi. Plastiki ni ileile, kilichobadilika ni kimo. Ukiongeza upana wa boriti mara mbili, nguvu yake ya kustahimili kupinda inaongezeka mara mbili, lakini ukiongeza kimo mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Sababu ni kwamba boriti ikilemewa, ukingo wa juu unabanwa na ukingo wa chini unavutwa, huku sehemu ya katikati ikifanya kazi ndogo. Ndiyo maana tundu lililotobolewa katikati ya ubavu wa chuma halinisumbui sana, ila tundu kwenye ukingo wa chini linanisumbua.

Kutu nayo inapenda palepale. Vyuma vya tela lile vilikuwa vya bomba la pembe nne, na maji yanayopenya kwenye matundu ya bolti hutulia ndani, chini, kwenye ukingo unaofanya kazi nzito kuliko yote. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni mbele ya maji. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo inavimba na kubambuka maganda kama gome la mti. Chumvi huharakisha kazi hiyo kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu kwa undani wake ni mwendo wa umeme mdogo ndani ya chuma. Kisaki hatuna bahari, lakini tuna mbolea ya viwandani, na wazee waliiita mbolea ya chumvichumvi kwa haki kabisa: kwa mkemia nyingi kati ya hizo ni chumvi kweli. Ukikuta tela limebeba mbolea misimu kadhaa bila kuoshwa, likague mara mbili. Tuligonga ukingo wa chini kwa nyundo ndogo, shubiri kwa shubiri. Chuma kizima hulia kama kengele ya shule. Kilicholiwa kwa ndani hutoa sauti ya debe lenye mchanga, na rangi mpya haiwezi kubadilisha sauti hiyo.

Springi tulizimaliza upesi: hakuna bapa lililovunjika, na kutoka chasisi mpaka chini kulikuwa sawa kulia na kushoto. Ekseli inahitaji kamba. Tulipima nafasi kati ya tairi mbili kwa mbele, kwenye kimo cha ekseli, kisha kwa nyuma kwenye kimo hichohicho. Kama vipimo vinatofautiana, ekseli imepinda na magurudumu hayaendi sambamba. Sentimita moja inaonekana ndogo, lakini kwa tairi yenye kipenyo cha sentimita 70 ina maana kila gurudumu linaburuzwa pembeni kama mita 7 katika kila kilomita. Safari ya Kisaki hadi Morogoro ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo ni zaidi ya mita 700 za kusugua mpira kwenye kokoto. Kamba yetu ilitoa jibu zuri.

Beringi zina hadithi ya mito. Tela likitembea mwendo mrefu, habu inapata joto na hewa iliyomo inatanuka. Halafu unafika kwenye kijito wakati wa masika, unaingia na habu ya moto ndani ya maji baridi. Hewa ikipoa kutoka nyuzi 70 hadi 30, ujazo wake unapungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na nafasi hiyo lazima ijazwe. Kama sili imechakaa, inajazwa na maji ya mto. Habu inakunywa, kwa maneno mengine, kila unapovuka. Tulipiga jeki, mjomba akazungusha gurudumu, mimi nikaweka kiganja kwenye springi. Beringi nzima huwezi kuisikia mkononi, mbovu inatetema kama jiwe la kusagia. Upande wa kushoto ulitetema. Tulifungua kifuniko tukakuta grisi ina rangi ya chai ya maziwa, ishara kwamba maji yameingia.

Tairi zilikuwa na kashata nzuri, karibu mpya, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mpira huzeeka kwa jua na oksijeni hata usipotembea. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2311 ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Hizo ndizo zilizokuwa pale, na ukikunja mpira ungeona nyufa ndogondogo kama tope lililokauka.

Hapo uzito umefika ardhini. Lakini kuna sehemu yake iliyokwenda mbele, kupitia mkono wa kuvutia, ikalala juu ya gari.

Tela la ekseli moja ni mizani. Tuseme kutoka ekseli mpaka pale linaposhika gari ni mita 2.5, na mzigo wa kilo 1,000 una kitovu chake sentimita 25 mbele ya ekseli. Gari litabebeshwa kilo 100, yaani asilimia 10, na hapo tela hutulia barabarani. Sogeza magunia mpaka kitovu kiwe sentimita 25 nyuma ya ekseli, na kilo zilezile 100 sasa zinainua matako ya gari. Magurudumu ya nyuma yanapoteza mshiko, na tela linaanza kupunga mkia. Kwa hiyo tela lililorefushwa kwa nyuma ili libebe zaidi, bila ekseli kusogezwa, tayari lina kasoro kabla hujapakia kitu. Hili halikurefushwa.

Halikuwa na breki pia. Fikiria tela na mzigo wake, kilo 1,500, likishuka vilima vya Matombo. Kwa kila mita 100 za kimo linazopoteza, linatoa nishati ya kutosha kuchemsha karibu lita 5 za maji. Joto lote hilo, pamoja na la gari lenyewe, linaangukia breki za pikapu. Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema atashuka kwa gia ndogo na atapakia nusu.

Tulibakiza shingo ya mkono, pale unapoungana na chasisi. Chukua waya, ukunje na kuukunjua: haukatiki mara ya kwanza, unakatika mara ya ishirini, ingawa kila mkunjo ulikuwa mdogo kuliko ule ambao ungeukata mara moja. Mei 1842, karibu na Versailles huko Ufaransa, ekseli ya kichwa cha treni ilikatika namna hiyo na watu zaidi ya 50 wakafa. Baada ya miaka kadhaa Mjerumani August Wöhler alizipima ekseli za reli kwa kuzikunja mara mamilioni, akaonyesha kwamba chuma huchoka. Na kila shimo la barabara ni mkunjo mmoja wa shingo ile.

Ufa wa uchovu huanza ukiwa mwembamba kuliko unywele. Tulikwangua rangi kuzunguka mshono wa welding, tukapaka mafuta ya taa, tukasubiri robo saa. Mafuta huingia ufani kama yanavyopanda utambi wa kibatari, yakivutwa na wembamba wenyewe. Tukafuta kwa kitambaa mpaka pakakauka, kisha nikasaga chaki na kupaka unga wake juu. Njia hii mafundi wa reli waliitumia miaka mingi. Dakika chache baadaye unga mweupe ulilowa mstari mmoja, mwembamba, urefu wa kidole, kuanzia mwisho wa mshono.

Muuzaji akasema atapachomelea palepale. Nikamwomba asubiri. Muuza vitenge hupiga mkasi kidogo kwenye pindo, kisha anavuta na kitambaa chote kinafuata, kwa sababu nguvu yote inakusanyika kwenye ncha ile kali. Ufa nao ni hivyo. Fundi anaanza kwa kutoboa tundu dogo la duara pale ufa unapoishia, ili ncha isiwepo tena, kisha anauchimba ufa wote kwa grainda, ndipo anachomelea na kuongeza bamba juu yake.

Mjomba alilinganisha namba ya chasisi na iliyo kwenye kadi, akatoa kwenye bei gharama ya beringi, tairi mbili, mbao na kazi ya fundi. Muuzaji alikubali sehemu kubwa. Drili ilipatikana jirani na stesheni, na tundu la kwanza lilitobolewa kabla jua halijazama.