Kikapu cha Sadaka na Hazina ya Serikali

Liko swali ambalo familia nyingi za Kikristo zimeulizana tangu mwaka 2025, nalo lastahili kujibiwa kwa mafundisho, si kwa hasira. Tarehe 20 Januari mwaka huo Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha kwa siku 90 misaada ya Serikali yake kwa nchi za nje. Ilipofika tarehe 1 Julai, Shirika la Marekani la Maendeleo ya Kimataifa, lililojulikana kwa herufi za USAID na kuanzishwa mwaka 1961 na Rais John Kennedy, likawa limefungwa, na kazi zilizosalia zikatiwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki wauguzi na washauri wa wagonjwa wa UKIMWI waliambiwa warudi makwao, na wagonjwa wao wakabaki wakiulizana dawa ya mwezi ujao itatoka wapi.

Mwezi Februari Caritas ya ulimwengu ilipaza sauti, ikasema kwamba kuikata misaada hiyo kwa ghafla kutawaua watu. Ndipo baadhi ya waumini, ng'ambo na hapa kwetu, wakauliza: Kanisa lina shughuli gani na fedha za Serikali? Je, mapendo si jambo la mtu na moyo wake? Atakaye kumsaidia fukara wa nchi ya mbali na atie mkono mfukoni mwake mwenyewe. Kwa nini maaskofu na wachungaji waitake Serikali ichukue kodi za watu wote, wapendao na wasiopenda, na kuzipeleka nje?

Swali hili si la kipumbavu, wala halijibiwi kwa kumkemea aliyeuliza. Tuanze na Maandiko Matakatifu. Katika Torati mwenye shamba hakuambiwa awaachie maskini masazo ya mavuno endapo moyo wake utaguswa. Aliamriwa. Asivune pembe za shamba lake mpaka mwisho. Akisahau mganda kondeni, asirudi kuuchukua. Mizeituni na mizabibu asiipitie mara ya pili. Yaliyosalia yalikuwa ya mgeni, ya yatima na ya mjane, nayo yalikuwa yao kwa sheria, wala hawakulazimika kuyapigia magoti. Tena tuangalie ni nani aliyenufaika na sheria hiyo katika kitabu cha Ruthu. Ni Mmoabu, mwanamke wa taifa jingine, ambaye wazee wake hawakuwa marafiki wa Israeli. Boazi alikuwa mtu mwema, naye alimwongezea kwa hiari yake; lakini Ruthu aliingia shambani kabla ya kuujua wema wa Boazi, kwa maana sheria ilikuwa imekwisha kumfungulia njia. Na kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa akiba malangoni mwa mji, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale na kushiba. Hiyo ilikuwa hazina ya watu wote, si mfuko wa mtu mmoja mwema.

Basi Mungu hakuliacha tumbo la fukara litegemee moyo wa tajiri peke yake. Sadaka ya hiari ilikuwapo, na sheria ilikuwapo, na moja haikuiondoa nyingine.

Baba Mtakatifu Paulo wa VI aliyaleta mafundisho hayo katika nyakati zetu. Siku ya Pasaka, tarehe 26 Machi 1967, alitoa barua yake kwa ulimwengu mzima juu ya maendeleo ya mataifa. Katika fungu la 47 anamtaka kila mtu aichunguze dhamiri yake. Je, yu tayari kuzisaidia kwa fedha zake kazi za kuwainua maskini? Je, yu tayari kulipa kodi kubwa zaidi, ili Serikali iweze kuongeza juhudi zake kwa ajili ya maendeleo? Je, yu tayari kulipa bei ya juu zaidi kwa vitu vitokavyo nchi za nje, ili aliyevizalisha apate haki yake? Na akiwa kijana, yu tayari hata kuiacha nchi yake aende kuyasaidia mataifa machanga? Swali la kwanza twalisikia kila Kwaresima. Swali la pili halihubiriwi mara nyingi, labda kwa sababu kodi haina rafiki. Mtakatifu Matayo mwenyewe, alipokuwa akiketi forodhani, hakupendwa na majirani zake. Lakini Papa ameliweka swali hilo bega kwa bega na lile la sadaka.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mgonjwa wa UKIMWI hunywa dawa kila siku, maisha yake yote. Hawezi kuambiwa kwamba mwaka huu mchango wa Kwaresima haukufikia kiasi, kwa hiyo angoje mwakani. Sadaka ya parokia yaweza kujenga zahanati, kumsomesha muuguzi, kumnunulia mjane mabati. Ni kazi takatifu, wala hatuidharau. Lakini kununua dawa za mamilioni ya watu, kuzisafirisha, kuzihifadhi, kupima damu na kuendelea hivyo miaka ishirini bila kukatika, hiyo yahitaji mfuko ambao hazina peke yake ndiyo iliyo nao. Mnamo tarehe 28 Januari 2003, Rais George Bush alipoliambia Bunge la Marekani kwamba anataka dola bilioni 15 kwa miaka mitano kupigana na UKIMWI, alisema kwamba katika Afrika nzima watu wapatao 50,000 tu ndio waliokuwa wakipata dawa. Serikali ya Marekani imekadiria baadaye kwamba mpango huo umeokoa roho za watu milioni 25. Hakuna kikapu cha sadaka duniani ambacho kingeweza kuyafanya hayo.

Lakini Serikali haitoi kwa sababu ina moyo. Hutoa kwa sababu wako raia wanaoitaka itoe, na hapa ndipo waamini walipofanya kazi ambayo wengi wetu hatuijui. Mwaka 1972 mchungaji mmoja Mlutheri, Arthur Simon, aliyehudumu katika mtaa wa maskini mjini New York, alikutana na Wakatoliki na Waprotestanti wengine, wakajiuliza kwa nini watu wafe njaa wakati ghala zimejaa. Kutokana na mashauri yao kilizaliwa chama kiitwacho Bread for the World, yaani Mkate kwa Ulimwengu. Chama hicho hakikusanyi chakula wala hakipeleki meli. Desturi yake kubwa ni sadaka ya barua. Waumini huketi pamoja kanisani, kila mmoja akaandika barua kwa Mbunge wake, akimtaka aunge mkono sheria fulani au fungu fulani la fedha kwa ajili ya wenye njaa. Barua hizo huwekwa kikapuni, huletwa mbele wakati wa ibada kama vipaji vingine, huombewa, kisha hutiwa posta.

Mtu aweza kucheka: barua yaweza kumlisha nani? Lakini Mbunge huzihesabu barua za watu wanaompigia kura. Na linalotupendeza zaidi katika sadaka hiyo ni kwamba mwandishi haombi barabara ya kijiji chake wala bei nzuri ya mahindi yake. Humwombea mtu ambaye hatamwona kamwe, na ambaye hana kura. Mgonjwa wa Shinyanga au wa Kisumu hana sauti yoyote huko Alabama, ila sauti ya Mkristo wa Alabama aliyekubali kumkopesha yake.

Kazi hii imezaa matunda yaliyotufikia mpaka madarasani mwetu. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa II, akikumbuka Jubilei ya Mambo ya Walawi, aliomba madeni ya nchi maskini yapunguzwe sana au yafutwe kabisa ifikapo mwaka 2000. Tarehe 16 Mei 1998 watu wapatao 70,000, wengi wao wakiwa watu wa makanisa, walishikana mikono kuuzunguka mji wa Birmingham, Uingereza, ambako wakuu wa mataifa tajiri walikuwa wakikutana. Mwaka uliofuata wakuu hao, walipokutana Köln, waliahidi nafuu kubwa ya madeni. Tanzania ilikamilisha masharti ya nafuu hiyo mwezi Novemba 2001, na fedha zilizookolewa zilikuwa mojawapo ya mambo yaliyoiwezesha Serikali kuondoa karo ya shule za msingi. Wazazi wanakumbuka jinsi madarasa yalivyofurika kuanzia mwaka 2002.

Hata mioyo migumu ilibadilika. Seneta Jesse Helms wa North Carolina alikuwa kwa miaka mingi adui mkubwa wa misaada ya nje. Alizoea kusema kwamba ni fedha za kutupwa katika mashimo ya panya. Mwezi Februari 2002, katika mkutano wa Wakristo juu ya UKIMWI uliofanyika Washington, alikiri kwamba anaona haya kwa kuwa amefanya machache mno juu ya ugonjwa huo. Mwezi uliofuata yeye mwenyewe alipendekeza fedha za kuwakinga watoto wasiambukizwe na mama zao.

Sasa tusikilize upande wa pili, kwa maana una hoja. Wako wasemao kwamba fedha za misaada huliwa na wakubwa. Ni kweli zimeliwa, mara nyingi. Lakini Mtakatifu Paulo, alipochanga kwa ajili ya ndugu wa Yerusalemu, hakuacha kuchanga kwa kuogopa wizi. Awaeleza Wakorinto, katika waraka wa pili, sura ya nane, kwamba makanisa yamechagua ndugu wa kufuatana naye, ili asiwepo mtu wa kumlaumu juu ya mali hiyo. Ikiwa Mtume alikubali kukaguliwa, sijui ni waziri gani, au ni padre gani, mwenye haki ya kukasirika akiombwa hesabu.

Hoja nyingine ni nzito zaidi. Fedha za Serikali huja na kamba. Shirika la maaskofu wa Marekani, Catholic Relief Services, lilianzishwa mwaka 1943 kuwasaidia watu waliofukuzwa makwao na vita. Kufikia mwaka 2025 karibu nusu ya fedha zake ilikuwa imetoka Serikalini, na hazina ilipofungwa shirika likalazimika kupunguza watu na kazi. Shirika la Kanisa lililozoea mkono mmoja haliwezi kusema kwa uhuru juu ya mkono huo, na mkono ukiondolewa huanguka. Wajerumani waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1958 Kardinali Joseph Frings wa Köln aliwashauri maaskofu wenzake waanzishe mchango wa Kwaresima, Misereor, ambao mbali na kukusanya fedha ungesema pia na dhamiri za wenye nguvu. Tangu mwaka 1962 Serikali yao hutoa fedha kupitia ofisi maalumu za makanisa, kwa kazi za maendeleo tu wala si kwa uchungaji. Lakini mchango wa waumini haukuachwa. Twaona ni utaratibu wa busara: anayetoa cha kwake huweza kuinua macho anapozungumza na Serikali.

Nasi Watanzania twaijua kamba hiyo tangu zamani. Mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi iliondoa misaada yake ya kijeshi kwa sababu ya uhusiano wetu na Ujerumani ya Mashariki, na Mwalimu Nyerere akaitaka iondoe na mingineyo. Mwezi Desemba mwaka huo huo tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni saba na nusu ukazuiwa. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, wiki chache kabla ya barua ya Papa Paulo, lilionya kwamba taifa likiuweka msingi wake juu ya fedha za wengine litaupoteza uhuru wake. Maandiko hayo mawili ya mwaka mmoja hayapingani. Papa alimwambia tajiri wajibu wake. Mwalimu, Mkatoliki aliyeshika dini yake, alimwambia maskini wajibu wake.

Wala tusidhani kwamba sisi ni wapokeaji tu. Wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972 walipewa ardhi hapa, na mwaka 2014 watu wao wapatao 162,000, pamoja na watoto waliozaliwa huku, walipewa uraia. Huo ni msaada wa Serikali kwa watu wa nje, uliotolewa na nchi isiyo tajiri.

Basi, sadaka ya barua yatuhusu. Mwezi Aprili 2001, mjini Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutoa asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya za watu wao. Ni nchi chache tu zilizowahi kuifikia ahadi hiyo, na mwaka wowote zikiwa chache zaidi. Mkristo wa Alabama aweza kuandika kwa ajili ya mgonjwa wa Shinyanga; lakini Mkristo wa Shinyanga amemwandikia nani? Bajeti yetu husomwa Dodoma mwezi wa Juni, na wizara huandaa makadirio yake miezi mingi kabla. Halmashauri ya parokia, WAWATA, au jumuiya ndogo ndogo yenye watu kumi wanaojua kuandika, yaweza kutumia jioni moja ya Kwaresima kumwuliza Mbunge wao, kwa heshima na kwa jina la kila mmoja, ni fungu gani la fedha zetu wenyewe litakalonunua dawa ambazo wageni wamekuwa wakitununulia, na ataomba kiasi gani liongezwe. Barua zikikusanywa, zipelekwe altareni pamoja na vipaji Dominika inayofuata. Jumatatu zitiwe posta.