Rafiki za Nyumba: Somo la Siku za Likizo

Muhula ukiisha, kila mwanafunzi hufikiri juu ya mpira, matembezi na usingizi. Mambo hayo ni ya haki yetu. Lakini iko kazi moja ya likizo ambayo haiwezi kungoja mpaka tuwe watu wazima, nayo ni kukaa na wazee wetu, pamoja na rafiki za siku nyingi za nyumba zetu, maadamu tungali nao.

1. Rafiki wa nyumba ni nani?

Katika nyumba nyingi za Uganda huja mzee ambaye si wa ukoo wetu, na pengine hata kabila letu si moja. Hata hivyo twamwita babu, na mama humwekea chakula bila kuuliza kama amekula. Kijana akiulizwa mzee huyo ni nani, hujibu, "Ni rafiki wa baba tu." Basi, neno hilo "tu" halifai.

Zamani katika Buganda urafiki mkubwa ulifungwa kwa udugu wa kuchanjiana, uitwao omukago. Watu wawili walitwaa tunda la kahawa, ambalo ndani yake mna punje mbili. Kila mmoja alijichanja kidogo tumboni, akaipaka punje yake damu, akampa mwenziwe aile. Maana yake ilikuwa wazi: punje ni mbili, lakini ganda ni moja. Tangu siku hiyo shida ya mmoja ilikuwa shida ya mwenziwe pia. Siku hizi kuchanjiana hakufai, kwa kuwa damu huchukua maradhi kama ukimwi na homa ya ini. Lakini fundisho la punje mbili halijachakaa.

2. Kwa nini tusichelewe?

Shamba lina hati, na deni lina stakabadhi, bali urafiki hauna karatasi. Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Ni nani aliyemsaidia babu kulipa ada ya shule ya baba? Ni nani aliyelala matangani pamoja nasi mpaka siku ya mwisho? Ni nani aliyekuwapo mpaka wa shamba ulipopandwa miti? Wanaoyajua mambo hayo ni wachache, nao hupungua kila mwaka. Wakiisha, wajukuu wa pande mbili watapitana sokoni bila kuamkiana, wasijue kwamba babu zao walikuwa kama ndugu.

Sir Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro wa Buganda tangu mwaka 1889 mpaka 1926, aliliona jambo hili mapema. Aliwauliza wazee habari za kale, na mwaka 1901 akatoa kitabu cha habari za wafalme wa Buganda. Kama angalingoja wazee wale wafe, angaliandika nini?

3. Namna ya kufanya

Usimwendee mzee na maswali mengi kama karani wa sensa. Yafaa kwanza umwamkie vizuri, umsaidie kazi aliyo nayo, kisha ulete ubao wa omweso. Mchezo huu una mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 32. Mikono ikishughulika, ulimi hulegea. Huenda mzee akakushinda mara tatu, na katikati ya ushindi wake akakuambia habari ambayo hukupata kuisikia. Ukirudi chumbani, iandike katika daftari siku ile ile. Kama una simu inayonasa sauti, mwombe ruhusa kwanza.

4. Neno kwa wanafunzi wa zamani

Ninyi mnaofanya kazi mijini hupeleka fedha nyumbani, nanyi mwatenda vema. Lakini fedha haiwezi kuketi barazani na kuzungumza. Nendeni wenyewe, mkawachukue na watoto. Mpelekeni mtoto mbele ya rafiki wa baba yenu, mmwambie jina la mzee huyo na sababu ya kumheshimu. Huo ni urithi usiogawanywa mahakamani.

Zoezi la likizo

Jibu katika daftari lako, baada ya kuwauliza wazee:
(1) Taja rafiki watatu wa nyumba yenu walio nje ya ukoo wenu.
(2) Urafiki wa kila mmoja ulianza wapi, na kwa sababu gani?
(3) Walisaidiana nini wakati wa shida?
(4) Watoto na wajukuu wao wako wapi sasa?
(5) Ni yupi kati yao ambaye hajatembelewa na mtu wa nyumba yenu mwaka huu?

Swali la tano lisijibiwe kwa kalamu peke yake. Likijibiwa, vaa viatu, uende.